Oili Sahihi, Safari Salama: Namna ya Kuchagua Mafuta ya Injini kwa Gari Dogo

*Mada iliyowasilishwa kwa madereva wa jamii wa mfumo wa M-Mama, wamiliki wa magari madogo ya abiria na mafundi gereji, katika ukumbi wa mikutano wa Halmashauri ya Wilaya.*



Mama mjamzito anapopatwa na dharura usiku wa manane, namba inayopigwa ni 115, na simu hiyo haina malipo. Pale ambapo gari la wagonjwa liko mbali au limekwishatoka na mgonjwa mwingine, anatafutwa dereva wa jamii aliye karibu na mama huyo. Dereva huyo hana gari la wagonjwa. Ana gari dogo ambalo mchana hubeba abiria wa kawaida, na mara nyingi ni Toyota IST, Vitz, Passo au Probox iliyonunuliwa ikiwa imekwishatumika Japani. Usiku huo, gari hilo dogo ndilo huduma ya afya yenyewe. Likifika, mama na mtoto wamefika. Likizimika njiani, hakuna wa kulaumiwa atakayewafaa kitu.

Mada ya leo inahusu kitu kinachonunuliwa dukani kwa dakika mbili, pengine bila hata kusoma maandishi ya kwenye dumu, nacho ni oili ya injini. Jambo kuu la kuzingatia ni moja: oili iliyo bora kwa gari si ile iliyo nzito kuliko zote, wala si ile iliyo ghali kuliko zote, bali ni ile aliyoiagiza mtengenezaji wa injini hiyo. Mengine yote yatakayoelezwa hapa ni ufafanuzi wa jambo hilo.

Kazi ya oili ndani ya injini

Watu wengi hufahamu kuwa oili hulainisha vyuma visisagane. Hiyo ni kazi ya kwanza, lakini si pekee. Oili hupoza sehemu ambazo maji ya rejeta hayafiki, kama vile upande wa chini wa pistoni. Huosha masizi na kuyabeba hadi kwenye filta. Husaidia ringi za pistoni kuziba ili nguvu ya mlipuko isivujie chini. Aidha, huzuia kutu gari linapokaa bila kutumika.

Katika magari madogo ya miaka ya karibuni imeongezeka kazi nyingine ambayo magari ya zamani hayakuwa nayo. Injini zenye maandishi VVT-i, ambazo ndizo nyingi katika barabara zetu, hutumia msukumo wa oili kubadilisha wakati wa kufunguka na kufunga kwa vali. Oili hupita katika vali ndogo yenye matundu membamba, na humo ndimo injini inamopata wepesi na ubanaji wa petroli. Oili isiyo sahihi, au iliyochakaa hadi ikawa kama uji, huchelewa kufika hapo. Dereva huona gari limepoteza nguvu mlimani au linakula mafuta, akabadilisha plagi na kusafisha tangi, kumbe tatizo liko kwenye oili.

Ikumbukwe pia kwamba nafasi iliyopo kati ya krenkshafti na beringi zake hupimwa kwa sehemu za mia za milimita, nayo ni nyembamba kuliko unywele wa binadamu. Mtengenezaji alipochonga nafasi hiyo, alikwishaamua ni oili ya aina gani itapita humo.

Kusoma maandishi ya kwenye dumu

Kwenye kila dumu la oili yapo maandishi mawili ambayo dereva hapaswi kuyapita bila kuyasoma. La kwanza ni daraja la mnato, yaani wepesi au uzito wa oili, linalotanguliwa na herufi SAE. La pili ni daraja la ubora, linalotanguliwa na herufi API.

Chukueni mfano wa SAE 5W-30. Namba ya kwanza, yenye herufi W, huonyesha namna oili inavyotiririka injini ikiwa ya baridi. Herufi W ni ya neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Kadiri namba hiyo inavyokuwa ndogo, ndivyo oili inavyowahi kupanda juu ya injini gari linapowashwa. Namba ya pili huonyesha mnato wa oili ikiwa ya moto, na hupimwa kwenye nyuzi joto 100 za Selsiasi. Kwa vipimo vya SAE, mnato wa daraja la 30 kwenye joto hilo ni kati ya 9.3 na 12.5, ilhali wa daraja la 50 ni kati ya 16.3 na 21.9. Hivyo basi, anayeweka 20W-50 katika injini iliyoandikiwa 5W-30 ameweka oili iliyo nzito zaidi asubuhi injini ikiwa ya baridi, na iliyo nzito zaidi mchana injini ikiwa ya moto.

Wapo watakaosema kuwa baridi ya Ulaya haituhusu. Ni kweli kwamba hata Kitulo, ambako baridi ya Juni na Julai huleta sakitu, hakufikii baridi inayotumika kupimia oili hizo maabara. Hata hivyo, injini huwa katika hatari zaidi ya kusagika katika sekunde za kwanza baada ya kuwasha, wakati oili bado haijafika kila mahali. Oili yenye namba ndogo ya kwanza huwahi kufika, iwe Makete au Tanga. Kwa dereva anayeamshwa saa nane usiku, akawasha gari na kuondoka papo hapo, sekunde hizo zina thamani kubwa.

Sasa daraja la ubora. Herufi S baada ya API ni ya injini za petroli, na herufi C ni ya injini za dizeli. Herufi inayofuata S huonyesha kizazi cha oili: kadiri inavyosogea mbele katika alfabeti, ndivyo oili ilivyo ya kisasa zaidi. SL ilitangulia SM, SM ikatangulia SN, kisha mwaka 2020 ikaja SP, na mwaka 2025 ikaanza SQ. Kwa injini za petroli za magari, daraja jipya hufaa pia mahali lilipoagizwa la zamani, almuradi mnato uwe ule ulioandikwa. Kinyume chake hakikubaliki. Oili ya daraja la SF, kwa mujibu wa API yenyewe, haifai kwa injini nyingi zilizotengenezwa baada ya mwaka 1988. Mwenye gari la mwaka 2004 anayenunua oili hiyo kwa sababu ni rahisi, hajaokoa fedha. Ameahirisha gharama tu, na gharama hiyo itarudi ikiwa kubwa zaidi.

Swali huulizwa mara nyingi kuhusu oili ya kawaida na oili sintetiki. Sintetiki hustahimili joto kwa muda mrefu zaidi na hutiririka vizuri zaidi injini ikiwa ya baridi, na bei yake ni kubwa. Kama kitabu cha gari kinaagiza 0W-20, kwa kawaida oili hiyo huwa sintetiki na hakuna njia ya mkato. Kama kitabu kinaruhusu 5W-30 au 10W-30 ya kawaida, dereva anaweza kuitumia bila wasiwasi, maadamu anaibadilisha kwa wakati. Oili ya kawaida iliyobadilishwa kwa wakati ni bora kuliko sintetiki iliyosahauliwa.

Kitabu kikiwa cha Kijapani

Magari mengi yaliyotumika huingia nchini yakiwa na kitabu cha Kijapani, au bila kitabu kabisa. Jambo hili lisiwe kisingizio. Daraja la oili huandikwa kwa namba na herufi zilezile tunazozisoma. Fungueni ukurasa wenye jedwali la vipimo, mtaona 5W-30 au 0W-20 katikati ya maandishi ya Kijapani. Baadhi ya magari yana maandishi hayo juu ya kizibo cha kujazia oili. Yasipopatikana hapo, fundi asome namba ya aina ya injini kwenye kibati kilichomo ndani ya boneti, kwa mfano 1NZ-FE au 1KR-FE, kisha atafute maelezo ya injini hiyo. Kubahatisha kwa kutazama ukubwa wa gari si utaratibu.

Kitabu hueleza pia kiasi cha oili. Injini ya 1NZ-FE, inayopatikana katika IST na Probox za sisi 1,500, huingia lita 3.7 filta inapobadilishwa. Injini ndogo ya silinda tatu aina ya 1KR-FE, inayopatikana katika Passo na baadhi ya Vitz, huingia lita tatu na ushee tu. Madumu mengi madukani ni ya lita 4. Fundi anayemimina dumu lote ndani ya Passo ili "isibaki" amezidisha karibu lita nzima. Oili ikizidi, krenkshafti huipigapiga hadi ikatoa povu, na povu halilainishi chuma. Oili inayobaki ifungwe vizuri na ihifadhiwe kwa ajili ya kuongezea.

Imani tatu zinazoharibu injini

Imani ya kwanza husema kuwa oili nzito ndiyo nzuri. Imani hii ilitokana na injini za zamani, ambazo nafasi zake zilikuwa pana na zilizochakaa zilivuja. Injini ndogo ya sasa haiko hivyo. Oili nzito huchelewa kupanda, huifanya pampu ifanye kazi ya ziada na huongeza ulaji wa petroli. Pale injini iliyotembea sana inapoanza kutoa moshi wa bluu, wapo wanaoweka oili nzito ili moshi upungue. Moshi unaweza kupungua kwa muda, lakini ringi au sili za vali zilizokwisha hazijapona. Ikiwa kitabu cha gari kinaruhusu daraja zaidi ya moja, kama vitabu vingi vinavyofanya, injini iliyochakaa inaweza kupandishwa hadi daraja zito zaidi lililomo katika orodha hiyo, kwa ushauri wa fundi. Nje ya orodha hiyo, tiba ni kuitengeneza injini.

Imani ya pili husema kuwa joto la kwetu linahitaji oili nzito kuliko ya Japani. Ukweli ni kwamba joto la ndani ya injini huongozwa na thamostati na rejeta. Injini ikishapata moto wake, oili hufikia takribani nyuzi 90 na kuendelea, gari liwe Dodoma au Tokyo. Joto la hewa lina athari, ndiyo maana vitabu vingi vina jedwali linaloonyesha daraja la oili kulingana na hali ya hewa. Jedwali hilo ndilo la kufuatwa. Maneno ya kijiweni yasichukue nafasi yake.

Imani ya tatu husema kuwa oili ikiwa nyeusi imeharibika, na ikiwa safi bado ni nzima. Oili nzuri huwa nyeusi kwa sababu inaosha masizi, na hiyo ni kazi yake. Kinachopaswa kuleta hofu ni oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, kwa kuwa maji yameingia ndani ya injini na gari linatakiwa kufikishwa kwa fundi bila kuchelewa. Vivyo hivyo oili yenye harufu kali ya petroli au yenye chembechembe zinazong'aa za chuma.

Wakati wa kubadilisha

Umbali wa kubadilisha oili umeandikwa katika kitabu cha gari. Kitabu hichohicho hutaja mazingira magumu, ambayo ni vumbi, safari fupi za mara kwa mara, kubeba mizigo mizito na injini kuunguruma muda mrefu gari likiwa limesimama. Mazingira hayo hupunguza umbali huo, na ndiyo mazingira ya kila siku ya barabara za vijijini. Kilomita 5,000 au miezi 6, lolote litakalotangulia, ni kipimo cha busara kwa gari dogo linalofanya kazi hapa.

Hesabu yake ni rahisi. Gari la abiria linalotembea kilomita 150 kwa siku hufikisha kilomita 5,000 baada ya siku 33 au 34. Gari la mtumishi linalotembea kilomita 20 kwa siku lingehitaji siku 250, hivyo miezi 6 hutangulia. Dereva wa kwanza abadilishe oili takribani kila mwezi, na wa pili mara mbili kwa mwaka. Kila oili inapobadilishwa, filta nayo ibadilishwe, kwa sababu oili mpya ikipitia kwenye filta iliyojaa uchafu haiwezi kubaki safi. Kilomita ziandikwe kwenye daftari au kwenye kibandiko ndani ya mlango, kwani kumbukumbu ya kichwani hupotea.

Kati ya mabadilisho hayo, oili ipimwe angalau mara moja kwa wiki. Gari liwe mahali tambarare, injini izimwe na kuachwa dakika chache, kijiti cha kupimia kifutwe, kirudishwe, kisha kisomwe. Oili iwe kati ya alama mbili. Kwa dereva wa jamii, kipimo hiki kifanyike jioni, kwa maana simu ya 115 haisubiri asubuhi.

Lipo pia suala la taa nyekundu yenye umbo la birika kwenye dashibodi. Taa hiyo ikiwaka injini ikiwa inafanya kazi, maana yake msukumo wa oili umeshuka, na injini inaweza kunoki baada ya muda mfupi sana. Dereva aliyembeba mama mwenye uchungu atashawishika kuendelea, akitumaini kuwa hospitali si mbali. Huruma hiyo inaeleweka, lakini injini haina huruma. Asimame mahali salama, azime gari, apime oili, na atoe taarifa mara moja ili gari jingine litafutwe. Dakika zilizopotea kwa kusimama mapema ni chache kuliko zitakazopotea gari likinoki mahali pasipo na mtandao wa simu.

Dukani na baada ya gereji

Oili inunuliwe katika dumu lililofungwa, lenye lakiri isiyoguswa, maandishi yanayosomeka na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mnunuzi adai risiti ya EFD, maana bila risiti ni vigumu kumfuata muuzaji. Oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa lisilo na jina ikataliwe. Anayeuziwa bidhaa anayoitilia shaka atoe taarifa TBS, na kwa bidhaa bandia, Tume ya Ushindani (FCC). Aidha, dumu tupu litobolewe au likatwe kabla ya kutupwa, kwa sababu madumu mazima ndiyo hujazwa tena oili chafu na kurudishwa sokoni yakiwa na jina la heshima.

Oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini nayo ni wajibu wa mwenye gari na wa fundi. Ina metali na mabaki ya petroli iliyoungua. Ikimwagwa mtaroni, mvua huipeleka mtoni na visimani. Kuipaka kwenye nguzo kwa ajili ya mchwa, kuimwaga barabarani ili kuzuia vumbi, au kuichoma, kote ni kuihamishia sumu hiyo mahali pengine. Gereji iikusanye katika madumu yenye mifuniko, na iikabidhi kwa mkusanyaji mwenye kibali, kwa maelekezo ya Afisa Mazingira. Fundi avae glavu na anawe kwa sabuni. Asinawe kwa petroli.

Hitimisho

Magari mengi madogo katika wilaya yamenunuliwa kwa mikopo. Mengine ni ya vikundi vilivyokopeshwa kutokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotengwa kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Injini ya kikundi ikifa, marejesho yanasimama, na kikundi kingine kilichokuwa kinasubiri zamu yake kinaendelea kusubiri. Kuziba ufa ni rahisi kuliko kujenga ukuta, na katika gari ufa huzibwa kwa lita chache za oili iliyo sahihi.

Ndugu madereva, kabla ya kulala leo, kila mmoja afanye mambo matatu. Atafute daraja la oili lililoagizwa kwa injini yake na aliandike mahali atakapoliona. Apime oili kwa kijiti. Asome kilomita zilizotembea tangu oili ilipobadilishwa. Atakayekuta tofauti kati ya kilichoagizwa na kilichomo ndani ya injini asihofu wala asimlaumu fundi wake. Aende gereji kesho asubuhi na kitabu chake, oili hiyo imwagwe, filta ibadilishwe na iwekwe iliyo sahihi.

 Safari njema.